Afande Odongo na Logi ya Mbale

Jina langu ni Magidu, lakini kwa Afande Odongo nilikuwa Mbale. Simu ikilia asubuhi, kabla sijasema haloo, sauti ilikuwa imeshafika: "Mbale! Taa iko rangi gani?" Yeye alikaa Jinja, makao makuu. Mimi nilikuwa tawini, mjini Mbale, na kwake tawi na mtu wa tawi vilikuwa kitu kimoja. Tungekuwa watu kumi, sote angetuita Mbale.

Tangu aondoke kazini, kuna watu hapa hospitalini wanaomsimulia kwa sauti laini, "mzee wetu, mzee wetu," kana kwamba si wao waliokuwa wakijificha chooni wakisikia viatu vyake. Mimi sina sauti hiyo. Nimefanya kazi chini yake, simu yake imenikatiza chakula, sala na usingizi, na sijawahi kumpenda hata siku ya Idi, ambayo mtu humpenda hata jirani mwenye mbwa. Nitasema alivyokuwa.

Hospitali yetu ni ya binafsi. Jina lake naliacha, maana wenyewe ni wepesi wa kukimbilia mahakamani. Siku hizi picha ya eksirei haikai kwenye filamu. Mguu uliovunjika, kifua chenye maji, skani ya kichwa, vyote vinaingia kwenye mashine ya kuhifadhia, kabati jeusi lenye diski kumi na mbili na feni zinazolia mchana kutwa. Jinja lipo kubwa, Mbale dogo. Kazi yangu ilikuwa kulilinda lile dogo. Kazi ya Odongo ilikuwa kuyalinda yote mawili, na kunilinda mimi nisifikiri.

Kabati lile lina tabia moja njema: halifichi kitu. Feni ikichoka, linaandika. Umeme ukiyumba, linaandika. Diski ikijaribu kusoma ikashindwa, ikarudia ikaweza, linaandika hilo pia. Maandishi hayo ndiyo tunayoyaita logi. Na ukitaka msaada wa mafundi wa kiwanda kule ng'ambo, unabonyeza mahali, mashine inakusanya logi zake zote pamoja na hali ya kila kiungo chake, inafunga kifurushi kimoja, unakituma. Wao wanakisoma kama daktari anavyosoma majibu ya damu. Mtu anayeijua kazi hii hagusi chochote kabla ya kukusanya kifurushi.

Odongo alikuwa anaijua kazi nyingine.

Alizaliwa upande wa Tororo, akaingia kazi ya magereza akiwa kijana, akashika redio ya mawasiliano. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa kituoni kwake alikabidhiwa yeye, kwa sababu wenzake waliiogopa, naye hakuwahi kukiri kuogopa kitu. Alistaafu na cheo cha sajini na mgongo usiokunjika. Mwenye hospitali alikuwa amechoka kuibiwa nyaya na betri, akamchukua, na kweli tangu siku hiyo haukupotea hata msumari. Mke wake alishafariki. Aliishi peke yake Walukuba, kwenye zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa viwanda, na kila siku alikwenda kazini kwa miguu, boda zikimpigia honi bure. Nilifika kwake mara moja kuchukua ufunguo. Uwanja ulikuwa umefagiliwa hata alama za miguu ya kuku hazionekani, na kuku walikuwepo. Sijui walikuwa wakitembeaje.

Kiswahili chake nacho kilikuwa sehemu ya adhabu. Huku kwetu lugha hii ina mambo yake. Wazee wengi waliijua kwa wanajeshi, wakiisikia wanasikia buti mlangoni. Mimi nimekulia Nabuyonga, nyumba ya Waislamu, babu yangu aliuza ngozi kwa Wakenya, kwa hiyo kwangu Kiswahili ni lugha ya chai na maneno ya kuchekesha. Kwa Odongo kilikuwa lugha ya kuhesabu wafungwa. Akija Mbale na kufungua kinywa kwenye ukumbi, wauguzi walinyooka, na siku moja mgonjwa mzee alitoa kitambulisho chake mfukoni bila kuulizwa.

Basi mtu huyu ndiye aliyepewa mashine isiyojua kunyamaza.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuweka jina moja tu la kuingilia kwenye mashine, "admin", na paswadi moja. Nilimwomba kila mtu awe na jina lake, ili logi ionyeshe nani kafanya nini.

"Kufuli moja, funguo moja," akasema. "Funguo mingi naleta mwizi."

Kwa hiyo yeye akiingia ni admin, mimi nikiingia ni admin, na shetani naye angeingia angekuwa admin.

Jambo la pili lilikuwa baya zaidi. Mashine ilitoka kiwandani ikiwa imepangwa kutuma kifurushi yenyewe kila wiki, hata kama hakuna tatizo, ili mafundi waone ugonjwa mapema. Odongo alipogundua hilo alinipigia simu akifoka, nikadhani kumeingia wezi.

"Mbale! Nani naruhusu hiyo mashine naongea na mutu ya inje?"

"Afande, hawachukui picha za wagonjwa. Wanachukua habari za mashine tu."

"Mashine iko ndani ya nyumba ama iko inje?"

"Iko ndani, Afande."

"Basi iko siri ya nyumba. Zima."

Nikazima. Ningefanya nini? Ndiyo kazi yake kunipa amri, na ndiyo kazi yangu kuzitii.

Sasa nije kwenye kisa cha mawe. Kampuni ya bima ilitaka kutuma wakaguzi wake kutoka Kampala wakague matawi yote mawili, waone kama picha za wagonjwa wao zinatunzwa vizuri. Siku moja kabla yao, Odongo aliingia Mbale na mfuko wa chokaa begani. Chokaa, kwenye chumba cha kompyuta! Nilipouliza ni ya nini, alinionyesha mawe yanayozunguka jenereta nyuma ya jengo. Mawe hayo hayajawahi kumkwaza mgonjwa hata mmoja. Lakini gerezani mgeni akija mawe hupakwa, na Odongo alikuwa ametoka gerezani kwa mwili tu.

Kabla sijashika brashi alitaka kuona mashine. Akasimama mbele ya skrini, akanusa, akaweka kidole juu ya namba nyekundu iliyokuwa pembeni.

"Hii nini?"

"Maonyo, Afande. Mengi ni ya diski namba nne. Inasoma kwa taabu. Nilikuomba diski nyingine."

"Mimi nasikia. Kelele."

"Si kelele, Afande. Inaumwa."

Akanigeukia. Nikiri kwamba nilirudi nyuma kidogo.

"Gerezani mukaguzi nakuja, nauliza: iko malalamiko? Wewe najibu nini?"

"Sijui, Afande."

"Hapana malalamiko, Afande! Hiyo tu. Kama iko malalamiko siku ya mukaguzi, mutu ya zamu hapana jua kazi yake. Enda paka mawe."

Nikaenda. Jua lilikuwa linachoma, chokaa ikaniingia machoni, na kila jiwe nilimpaka yeye usoni kwa mawazo yangu. Niliporudi ndani, ile namba nyekundu haikuwepo. Skrini ilikuwa ya kijani kuanzia juu hadi chini. Nikadhani ameyafunga maonyo tu, kama mtu anavyofunga barua alizokwisha kusoma, nikaenda kunawa.

Wakaguzi walikuja, wakafurahi. Mmoja akauliza nani anatunza mashine safi namna hii, na Odongo akagonga visigino kwa nguvu hata muuguzi mmoja akadondosha sinia. Bibi yangu alikuwa akisema mficha maradhi kifo humuumbua. Alikuwa akisema juu ya watu, maskini, hakujua kwamba mashine nazo zitafichiwa maradhi.

Siku chache baadaye diski namba saba ikafa, na si namba nne niliyokuwa nikiililia. Kwa mashine ya namna hii, diski moja kufa si msiba. Zile nyingine zimebeba sehemu yake, unatoa mfu, unaweka mpya, nazo zinaiandikia upya kila kitu. Ila kwa muda huo zinasoma kwa nguvu zao zote, na kama kuna nyingine mgonjwa, ndipo inapoanguka. Ikianguka ya pili kabla ya kazi kwisha, picha zimekwenda. Ndiyo maana nilifungua logi kwanza, nione namba nne imefikia wapi.

Logi ilianza siku ya chokaa. Nyuma ya siku hiyo hapakuwa na kitu. Hakukuwa na umeme uliowahi kuyumba, hakukuwa na feni iliyowahi kuchoka, na namba nne haikuwahi kuugua maisha yake yote; tangu ifutwe ilikuwa haijaombwa zile picha za zamani zinazoitesa. Mstari wa kwanza kabisa ulisema: logi imefutwa, admin.

Nikapiga Jinja.

"Afande, logi ya zamani iko wapi?"

"Iko safi. Wewe nataka chafu?"

"Afande, nataka tunakili picha za wiki hii kwenda Jinja kabla sijagusa diski. Namba nne..."

"Taa ya saba iko rangi gani?"

"Nyekundu."

"Toa saba, weka mupya. Amri iko moja."

Akakata simu. Nikatoa saba, nikaweka mpya. Mashine ikaanza kuhangaika, feni zikapanda sauti, na kabla ya adhuhuri namba nne ikatoweka ghafla kwenye skrini, bila onyo, kana kwamba haikuwahi kutengenezwa. Picha zote za wiki ile, ambazo zilikuwa bado hazijanakiliwa Jinja, zikaenda nayo. Watu ikabidi wapigwe picha upya. Mwendesha boda mmoja wa Nkoma, nyonga imevunjika, alibebwa tena kutoka kitandani hadi kwenye eksirei, akatutukana kwa Lumasaba, lugha ya huku, kuanzia mlangoni hadi mezani, na hakuna aliyekuwa na uso wa kumwambia anyamaze.

Hapo ndipo wakanigeukia mimi.

Madam Beverlyne, mkurugenzi wetu, alikuja Mbale mwenyewe. Aliandamana na Ronnie, injinia wa kampuni iliyotuuzia mashine, kijana wa Kampala mwenye viatu vyeupe, na nyuma yao Odongo na kofia yake. Tukakaa kwenye chumba cha mikutano. Ronnie akafungua kompyuta yake, akasoma logi, na haikumchukua muda, kwa kuwa hapakuwa na cha kusoma.

"Namba saba imetolewa, namba saba imewekwa, namba nne haipo," alisema. "Diski inayokufa huanza kulalamika mapema, wiki, hata miezi. Hii haina onyo hata moja. Diski inayotoweka bila onyo ni diski iliyochomolewa kwa mkono ikiwa hai. Fundi alikosea, akachomoa nne badala ya saba, akairudisha haraka, lakini mashine ikawa imeshaikataa, na picha zimekwenda."

"Nililiona onyo," nikasema. "Nililiona kwa macho yangu kwa muda mrefu."

"Liko wapi?"

"Limefutwa."

"Na nani?"

Ronnie akaigeuza kompyuta ili Madam aone. Logi imefutwa, admin. "Imefutwa hapa hapa Mbale, kwenye mashine yenyewe," akasema. "Kifurushi cha kila wiki nacho kilizimwa, hapa hapa, kwa hiyo kiwandani hakuna nakala. Madam, mimi nimeona mengi. Anayefuta logi ni mwizi anayefagia nyayo zake."

Nikasimama. Nikamwonyesha Odongo kwa kidole, jambo ambalo nyumbani kwetu huwezi kumfanyia mzee. "Aliyefuta ni huyu. Alikuja siku moja kabla ya wakaguzi. Nilipomuuliza kwa simu akasema iko safi."

Madam akageuka. "Mzee Odongo?"

Odongo alikuwa akimtazama Ronnie.

"Wewe nasema," akamuuliza taratibu, "hiyo kelele ya zamani, ingesema nani nakosa?"

"Ingesema kama namba nne ilikuwa mgonjwa," Ronnie akasema. "Ingemaliza kesi. Sasa hakuna anayejua."

Odongo akashusha macho akayaweka kwenye viatu vyake, yakabaki huko. Hakusema ndiyo wala hapana. Nilimngoja. Madam alimngoja. Alikaa tu na kofia yake magotini. Ajabu ya cheo ni hii: mkubwa akinyamaza anaitwa mwenye heshima zake, mdogo akinyamaza anaitwa mwenye hatia, na mdogo akisema anaitwa mwongo. Madam alimwona mzee asiyetaka kujishusha kubishana na fundi. Mimi nilimwona mtu anayeniacha nizame huku ameshika kamba.

"Kuharibu data za wagonjwa si jambo la kufukuzana kazi tu," Madam akasema. "Bima watauliza. Nimeshaita polisi."

Nilimfikiria Nusifa, mke wangu, ambaye tumbo lake lilikuwa limefika mahali pa kuhesabu siku. Mtoto wa kwanza angezaliwa baba yake yuko ndani, na watu wa Nabuyonga wangesema Magidu kafungwa kwa mambo ya kompyuta, wakiwa na maana kwamba nimeiba. Niliogopa sana. Sitafuti neno zuri zaidi.

Askari aliyekuja alikuwa mwanamke mrefu, kibao cha jina kifuani kikisema Akello. Alipoingia macho yake yalimfikia Odongo kwanza, na mwili wake ukajinyoosha wenyewe.

"Jambo, Afande."

"Jambo."

"Mutu iko wapi?"

Madam akaninyooshea mkono. Akello akasema nitoe simu niweke mezani, nikaitoa. Akafungua kitabu chake, akamgeukia Ronnie.

"Yeye nafanya nini?"

"Amefuta logi ya mashine kuficha kosa lake."

"Nafuta kidogo ama yote?"

Ronnie akacheka, kile kicheko cha mtu ambaye jioni atarudi zake Kampala. "Yote. Logi ya matukio, maonyo, hata nakala za ndani ambazo mafundi wengi hawajui kama zipo. Kazi safi kabisa. Hajaacha hata mstari."

Kiti kikakwaruza sakafu. Odongo alikuwa amesimama.

"Nani? Huyu?"

Ronnie akaninyooshea kidole.

"Huyu?" Akanikaribia, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kwa dharau ile ile ya miaka yote. "Huyu nafagia chumba, naacha takataka nyuma ya mulango. Napaka mawe, nasahau upande ya chini. Huyu hapana jua kumaliza kazi. Hata moja! Na wewe nasema yeye nasafisha logi yote, mpaka nakala ya ndani?" Akamgonga Ronnie kifuani kwa kidole. "Hiyo iko kazi yangu. Mimi nasafisha. Akello, andika. Odongo, Jimmy."

Nilikuwa nimeokolewa na kutukanwa kwa pumzi moja, na kwa kweli ya Mungu, tusi ndilo nililolisikia kwanza. Nilikuwa tayari nimefungua kinywa kubisha kwamba mawe niliyapaka pande zote.

"Mzee," Madam akasema, "unajua unachokisema?"

"Mimi najua."

"Kwa nini ulifuta?"

"Mukaguzi nakuja."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Mimi nadhani iko uchafu." Akameza mate. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akimeza kitu badala ya kukitema. "Na kuzima hiyo kifurushi, iko amri yangu. Na kutoa saba bila nakala, iko amri yangu. Huyu nasema nne naumwa. Mimi nasema kelele."

"Mbona tulipokuuliza mwanzo hukusema?"

Alivaa kofia, akaivua tena. Madam akamwambia kazi yake imekwisha siku hiyo hiyo na kwamba bima wakitaka mtu watapewa yeye. Odongo akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa zamu yake imebadilika. Akello alikuwa akiigeuzageuza kalamu, haoni raha.

"Afande, basi twende kituo, wewe naandikisha maneno."

"Ngoja. Iko kazi. Mbale, kuja."

Nikamfuata. Sijui kwa nini nilimfuata, hakuwa tena mkubwa wangu. Miguu ilikwenda yenyewe. Tukaingia chumba cha mashine, Ronnie nyuma yetu, Akello akasimama mlangoni akiwa ameshika kitabu chake.

"Kusanya," Odongo akasema.

"Nini, Afande?"

"Hiyo kifurushi yako. Kusanya yote, tuma inje. Kiwanda ijue."

Nikakaa, nikaingia, nikabonyeza. Mashine ikaanza kujikusanya, kamstari ka kijani kakitambaa polepole kwenye skrini. Odongo alisimama nyuma yangu, pumzi yake juu ya shingo yangu. Nilitaka kumshukuru na nilitaka kumpiga ngumi. Nilichagua la kwanza kwa kuwa lilikuwa na adabu zaidi.

"Asante, Afande."

"Asante ya nini? Wewe natoa diski kama mwanamuke naogopa kuvunja mayai. Kaa kimya."

Kifurushi kilipokuwa tayari likafunguka sanduku la maelezo, mahali pa kumweleza fundi wa kiwanda kilichotokea kabla ya tatizo. Odongo akauliza hapo panaandikwa nini, nikamwambia.

"Andika: logi nafutwa na Odongo Jimmy. Siku moja mbele ya mukaguzi. Yeye naambiwa diski nne naumwa, yeye nakataa kusikia."

Nikaandika kwa Kiingereza cha kiwandani, neno kwa neno. Kisha nikamtupia jicho Akello mlangoni, nikafikiria kituo, kesi, na mzee wa miaka ile amekaa kwenye benchi la washtakiwa akingojea jina lake liitwe na mtu aliyezaliwa yeye akiwa tayari kazini. Mkono ukaongeza maneno mwishoni: kwa bahati mbaya, bila kujua umuhimu wake. Hayakuwa uongo. Yangeweza kumsaidia.

Odongo akatoa miwani kwenye mfuko wa shati, akainama, akasoma kwa kidole, taratibu, mstari baada ya mstari. Kidole kikasimama.

"Hii nini?"

"Itakusaidia, Afande. Polisi wakiisoma, hata bima..."

"Toa."

"Afande, ni kweli hukujua."

"Bahati mbaya ni radi," akasema. "Mimi nafuta na mukono yangu na akili yangu. Wewe nakaa pale mezani, askari nachukua simu yako, mimi naona, mimi nanyamaza. Hiyo pia iko bahati mbaya?"

Nikayasoma tena maneno niliyoyaongeza.

"Toa."

Nikayatoa, nikatuma. Alisimama pale mpaka skrini iliposema kwamba imefika, kisha akakunja miwani yake, akavaa kofia, akaiweka sawa, na akatoka na Akello bila kuniangalia. Machozi yakanitoka mbele ya Ronnie na viatu vyake vyeupe, na hilo simsamehe Odongo mpaka leo.